Jaji Marekani amekataa kusikiliza mashahidi, mahakama ya rufaa imesema sawa. Hiyo ni rufaa gani?

#1 Mwana_Katuba
Jambo wakubwa.

Mtoto wa tantini (shangazi) yangu yuko Marekani. Alitoka hapa Lubumbashi bado kijana, ana kadi ya kijani (kibali cha kuishi kule). Alikamatwa na mambo ya dawa za kulevya, akakiri kosa mbele ya jaji wa shirikisho baada ya kupatana na mwendesha mashtaka. Anasema avoka (wakili) aliyepewa na serikali ndiye aliyemsukuma: kiri, utafungwa muda mfupi, habari ya kurudishwa Kongo usiiwaze. Sasa kifungo kinakwisha, na watu wa uhamiaji wameshaweka karatasi yao gerezani. Akitoka tu wanamchukua.

Akaandika ombi kwa jaji: nifutie ile hukumu, avoka alinipotosha, na uweke kikao cha ushahidi ili yule avoka aje aape aseme mwenyewe aliniambia nini. Jaji akakataa. Alisoma karatasi, akaandika hapana. Tukaenda rufaa. Majaji watatu wakajibu kwa kurasa chache kwamba jaji wa chini hakutumia vibaya hiari yake, yaani uhuru wake wa kuamua. Nao hawakumwita mtu.

Mimi najua rufaa ni kesi kuanza upya. Kama wa chini hakusikiliza, wa juu ndiye asikilize. Hawa waliangalia nini sasa, kama si kulindana? Tantini hapa Katuba halali.

#2 Lupopo_Damu
Nimekaa mbele na karanga zangu. Bametre (bavoka) bakuje.

#3 Chuo_Kasapa
Kaka, unachanganya rufaa ya kwetu na ya kule. Mahakama ya rufaa ya Marekani haisikilizi mashahidi. Inapokea dosie (jalada la kesi) jinsi ilivyotoka kwa jaji wa chini, inasoma hoja za maandishi za pande mbili, pengine mawakili wanapewa dakika chache za kuzungumza, basi. Karatasi ambayo jaji wa chini hakuiona, wa juu naye hana ruhusa ya kuiangalia.

Kwa hiyo hawakuulizwa kama avoka alidanganya. Waliulizwa kama jaji alikuwa na haki ya kulimaliza jambo bila kikao. Unaweza kushindwa hilo la pili hata kama la kwanza ni kweli tupu.

Sheria inayohusika ni kifungu cha 2255 (sehemu ya 28 ya sheria zao za shirikisho). Kinasema jaji aweke kikao, isipokuwa ombi na dosie vikionyesha bila shaka yoyote kwamba mfungwa hana anachostahili. Ukisoma hivyo unaona mlango uko wazi. Lakini anayepima hiyo "bila shaka yoyote" ni jaji huyo huyo, na kanuni zao zinataka ombi lirudi kwa jaji yule yule aliyeshughulikia kesi ya mwanzo akiwa bado yupo.

#4 Lupopo_Damu
Chuo_Kasapa, ni Kasapa ya chuo ao Kasapa ya gereza? Tujue kwanza tunasikiliza nani.

#5 Chuo_Kasapa
Ya chuo, mzee. Ile ingine bado.

#6 Kunguru_Kamalondo
Mwana_Katuba, fikiria VAR ya mpira. Yule wa kwenye video haulizwi "wewe ungetoa penalti?" Anaulizwa kama mwamuzi wa uwanjani amekosea waziwazi. Akiona ni nusu kwa nusu anauacha uamuzi wa uwanjani, hata kama yeye angeamua vingine. Majaji wako watatu walifanya hivyo.

#7 Lupopo_Damu
Mtu wa Mazembe anatufundisha habari za penalti. Leo tumeona yote.

#8 Kunguru_Kamalondo
Watu wa reli, nyinyi wa Lupopo, mtulie, treni yenu bado iko Likasi.

#9 Metre_Golf
Huo mfano wa #6 unafika nusu ya njia halafu unavunjika. VAR ana video. Hapa mazungumzo ya avoka na mteja wake yalifanyika ndani ya chumba, mlango umefungwa, hakuna karani wala kinasa sauti. Kikao cha ushahidi ndicho kingeitengeneza hiyo video. Ukimnyima mtu kikao kisha ukasema dosie haionyeshi kosa, unamlaumu kwa kukosa kile ulichomnyima. Hilo ndilo jambo linalonisumbua katika maamuzi ya namna hii, na simung'unyi maneno.

Jingine: si kila kitu kinakaguliwa kwa ulegevu. Swali la sheria tupu majaji wa rufaa wanalianza upya kama vile hakuna aliyewahi kulijibu. Na jaji wa chini akitumia kanuni ya sheria isiyo sahihi, hiyo yenyewe inahesabiwa kuwa amekosea katika hiari yake. Kwa hiyo mwenye uamuzi mkononi atazame: walisema jaji alielewa sheria vizuri na akapima tu, au waliruka hilo?

#10 Mama_Ruashi
Miye sikusoma sheria, lakini minaonaka ni feza tu. Bajuji ba kule beko na badosie mingi. Kila mufungwa akisema avoka alinidanganya, bataita bavoka bote ba inchi? Banasoma, banakata, banapita ku ingine. Hapa kwetu pia ni vile, tofauti ni kwetu bananyamaza bila kuandika.

#11 Chuo_Kasapa
Mama, hauko mbali. Kwa maombi haya ya 2255 mfungwa hana haki ya kupewa avoka wa bure. Lakini kikao cha ushahidi kikihitajika na yeye hana uwezo, kanuni zinamlazimisha jaji ampe avoka. Kwa hiyo siku jaji anapokubali kikao anafungua pia mfuko: avoka mpya, mwendesha mashtaka aliyejiandaa, mfungwa kusafirishwa kutoka gereza la mbali, mkalimani. Hayo yote kwa kesi ambayo mtu mwenyewe alikwisha kukiri. Kule zaidi ya 90% ya wanaotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho wamekiri wenyewe bila kesi kusikilizwa. Kila mmoja wao akipata kikao cha pili, mfumo unasimama.

Sisemi ni haki. Nasema Mama_Ruashi ameona kitu.

#12 Mlushois_Louisville
Salamu kutoka Kentucky. Wakubwa mnazunguka mbali, jibu liko kwenye siku aliyokiri kosa.

Siku ile jaji anamwapisha mtu halafu anamuuliza maswali moja moja. Umeelewa mashtaka? Kuna mtu amekutisha? Kuna mtu amekuahidi kitu nje ya haya makubaliano? Umeridhika na avoka wako? Na tangu Desemba 2013 kanuni ya 11 ya kesi za jinai inamlazimisha jaji amwambie mtu asiye raia kwamba hukumu inaweza kumfanya aondolewe nchini. Kijana alijibu ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Yote yakaandikwa.

Leo anakuja kusema "sikuambiwa". Jaji anafungua ukurasa: uliambiwa na mimi mwenyewe, ukasema umeelewa. Mahakama Kuu yao, ile ya juu kabisa, ilisema mwaka 1977, katika kesi ya Blackledge na Allison, kwamba maneno ya kiapo mbele ya jaji yana uzito mkubwa wa kuaminiwa. Ombi la kikao linakufa hapo.

#13 Metre_Golf
Mlushois, umeisoma Blackledge nusu. Katika kesi hiyo hiyo mfungwa ndiye aliyeshinda! Mahakama ilisema ule uzito si ukuta usiopitika, na kwamba ilikuwa makosa kumfukuzia mlangoni mfungwa aliyetaja kwa undani alichoahidiwa na nani alimwahidi. Wanasheria wa serikali wananukuu sentensi ya kwanza, wafungwa wananukuu ya pili.

#14 Mlushois_Louisville
Sawa Metre, lakini ukihesabu maombi yanayokufa kwa sentensi ya kwanza na yanayopona kwa ya pili, utajua ipi inafanya kazi.

#15 Grefie_Mzee
Niruhusuni mtu wa zamani. Nimezeeka kwenye grefe (ofisi ya karani wa mahakama), mahakama sitaitaja. Mwana_Katuba anasema kwetu rufaa ni kesi kuanza upya. Kwenye kitabu, ndiyo: mahakama ya rufaa ya kwetu inarudia mambo ya tukio na ya sheria pamoja, inaweza kumwita shahidi, inaweza kumsikiliza mshtakiwa upya. Ni Mahakama ya Kasasio kule Kinshasa ndiyo haigusi mambo ya tukio.

Lakini kwenye benchi? Shahidi yuko mbali, Kasenga au Pweto. Nani atamlipia gari? Nani atampelekea wito kwa wakati? Nimeona dosie ambamo avoka aliomba mashahidi waitwe, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mwisho mahakama ikachukua ile peve (kumbukumbu ya maandishi) ya kikao cha chini, imeandikwa kwa mkono, nusu haisomeki, ikahukumu kwa hiyo. Hakuna aliyeandika "ombi limekataliwa kwa sababu hizi". Lilipotea tu njiani, kama alivyosema Mama_Ruashi.

Mtoto wenu angalau amepewa sababu zilizoandikwa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe na itolewe sababu. Sisi tunaotoka grefe tunajua sababu fupi inavyoweza kuwa fupi.

#16 Dada_Kampemba
Papa Grefie heshima yako. Kifungu hicho hicho cha 21 kinasema pia haki ya kukata rufaa ni ya watu wote. Hakuna Mkongomani anayenyimwa rufaa, tuna siku 30. Kule kwa wazungu ndiko wanafunga mlango.

#17 Grefie_Mzee
Mama, kwa kesi za jinai ni siku 10, si 30. Siku 10 tangu hukumu kusomwa ikiwa mshtakiwa alikuwepo. Watu wengi wamelia mbele ya dirisha langu kwa sababu ya mtu mmoja aliyewaambia 30.

#18 Mkivu_Goma
Na hiyo ya "watu wote" tuulizeni sisi wa huku. Kesi ya Minova, ubakaji wa Novemba 2012, ilihukumiwa Mei 2014 na mahakama ya kijeshi ya operesheni ya Kivu Kaskazini. Hukumu za mahakama hiyo hazina rufaa. Waathirika walitoka mikono mitupu, kwa sababu askari karibu wote waliachiliwa kwa shtaka la ubakaji. Na askari waliotiwa hatiani nao hawakuwa na pa kwenda. Katiba ilikuwepo siku hiyo pia.

#19 Dada_Kampemba
Hiyo ni jeshi, kaka. Tunazungumza raia.

#20 Mkivu_Goma
Waliobakwa walikuwa raia.

#21 Lupopo_Damu
Karanga zimeisha. Uzi umekuwa mzito.

#22 Mwana_Katuba
Nimesoma zote, asanteni. Nimempigia kijana, amenisomea baadhi ya karatasi. Ninaongeza haya:

Ombi aliliandika mwenyewe gerezani kwa kalamu, akisaidiwa na mfungwa mwenzake anayejua kidogo. Habari ya avoka ni sentensi moja: "avoka wangu alinipotosha kuhusu uhamiaji." Hakuambatanisha kitu. Siku ya kukiri mkalimani alikuwa kwenye simu, mtu wa Kenya au Tanzania, sauti inakatika, naye anaona haya kusema sielewi. Na ndani ya makubaliano kuna ukurasa unaosema anaachilia haki ya kukata rufaa. Mahakama ya rufaa imesema madai yake ni "ya jumla mno" na yanapingwa na majibu yake mwenyewe.

#23 Chuo_Kasapa
Ungeanza na hayo kaka! Sentensi moja haiwezi kubeba kikao.

Angalia kesi ya Machibroda, 1962. Mtu aliyekiri wizi wa benki, akadai mwendesha mashtaka alimwahidi kifungo kifupi. Hakuishia kusema "niliahidiwa". Alitaja mazungumzo: lini, wapi, nani alikuwepo, maneno gani. Mahakama Kuu ikasema mambo hayo yalitokea nje ya dosie, jaji hawezi kuyakataa bila kumsikiliza. Lakini kesi hiyo hiyo ikasema jaji halazimiki kuweka kikao kwa madai yasiyo na mwili.

Majimbo nayo ni hivyo. Wisconsin mahakama yao kuu ilisema mwaka 2004 kwamba ombi lijibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Hapo kuna jambo zuri la kukaguliwa: kama ombi limetosha kwa maelezo, hilo ni swali la sheria na majaji wa juu wanalitazama upya bila kumheshimu wa chini. Kama halikutosha, kumpa au kumnyima kikao ni hiari ya jaji, na hapo mkaguzi anakuwa mpole. Kwa hiyo undani wa ombi ndio unaochagua ukaguzi gani utapata. Mtoto wa tantini alijichagulia ule mpole bila kujua.

#24 Mama_Ruashi
"Alijichagulia". Mwanafunzi, sema pole kwanza. Mutu iko mu gereza, kalamu njo avoka yake, na weye unasema alijichagulia?

#25 Metre_Golf
Mama_Ruashi amegusa penyewe. Tena kule kuna kanuni ya tangu 1972, kesi ya Haines na Kerner, kwamba maandishi ya mfungwa asiye na avoka yasomwe kwa huruma, yasipimwe kwa rula ya wanasheria. Sasa unawezaje kusoma kwa huruma na papo hapo ukadai nani-nini-wapi-lini? Mimi ningetegemea jaji amwandikie: ongeza maelezo, nakupa muda. Baadhi yao hufanya hivyo. Huyu hakufanya, na majaji wa juu hawakuona shida. Hapo ndipo ningeuma kama ningekuwa avoka wake.

#26 Mlushois_Louisville
Na mimi ningeuma kwenye mkalimani. Nimekalia vikao hapa nikisaidia watu wetu. Mtu wa Lubumbashi akisikia Kiswahili cha redio ya Dar es Salaam kupitia simu mbovu, anaitikia ndiyo kwa adabu. Sisi tumelelewa hivyo, mkubwa akiuliza umeelewa, unasema ndiyo. Karani anaandika "ndiyo". Miaka miwili baadaye hiyo ndiyo yako inakuzika. Lakini kama halikuandikwa kwenye ombi kwa jaji wa chini, mahakama ya rufaa hairuhusiwi kulisikia leo. Uliza kama aliliandika.

#27 Mwana_Katuba
Hakuliandika. Anasema alidhani atalieleza kwenye kikao.

#28 Metre_Golf
Karibu kila mmoja anadhani hivyo. Anahifadhi maneno kwa ajili ya kikao, na bila maneno kikao hakiji.

Kwa wanaofuata: jambo la avoka kutomwambia mteja habari ya kufukuzwa si dogo kule. Machi 2010, kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. Dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, alipigana Vietnam kwa jeshi la Marekani, ameishi kule zaidi ya miaka 40. Akakamatwa na bangi kwenye lori, avoka akamwambia umekaa muda mrefu, usiogope kufukuzwa. Mahakama Kuu ya jimbo ikamkatalia bila hata kikao cha ushahidi, eti uhamiaji si kazi ya avoka wa jinai. Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ni kazi yake.

#29 Bwana_Kipushi
Metre, Padilla si yule gaidi wa bomu? Alifungwa kabla ya 2010. Angalia vizuri.

#30 Metre_Golf
Ni watu wawili, jina moja. Yule unayemsema alikamatwa 2002 Chicago, akatiwa hatiani 2007 huko Florida kwa mambo ya ugaidi. Wa Kentucky ni dereva wa lori.

#31 Chuo_Kasapa
Msimpe Mwana_Katuba matumaini makubwa. Padilla bado alitakiwa kuthibitisha kwamba kosa la avoka lilimdhuru. Hiyo inatoka kesi ya Strickland, 1984: kwanza avoka alifanya kazi chini ya kiwango, pili bila kosa hilo mambo yangekwenda tofauti. Kijana lazima aonyeshe kwamba angekataa makubaliano na kwenda kwenye kesi. Majaji wengi wanaruka la kwanza, wanakwenda la pili: ushahidi dhidi yako ulikuwa mzito, nani angekataa mpango mzuri vile? Basi kikao cha nini? Mimi naona hata bila ile sentensi moja, hilo nalo lingeua ombi.

#32 Metre_Golf
Hilo nalo lilijibiwa 2017. Jae Lee, Mkorea, alifika 1982 akiwa na miaka 13, hakuchukua uraia, akawa na mikahawa Memphis. Dawa za kulevya, ushahidi mzito. Avoka alimhakikishia hatafukuzwa. Kikao cha ushahidi kiliwekwa, na avoka mwenyewe akapanda akakubali kwamba alimpa ushauri mbaya. Mahakama za chini zikasema hata hivyo ushahidi ulikuwa mkubwa, hakudhurika. Mahakama Kuu, 6 kwa 2, ikasema mtu ambaye kufukuzwa ni kila kitu kwake anaweza kuchagua kesi hata kama nafasi ya kushinda ni ndogo sana.

Na Mlushois asikie hili: hata Lee alionywa na jaji siku ya kukiri. Jaji alipomuuliza kama jambo hilo linaathiri uamuzi wake, alijibu ndiyo, akaulizwa kivipi, akasema haelewi, akamgeukia avoka. Avoka akamwambia ni onyo la kawaida tu. Kwa hiyo onyo la kanuni ya 11 si mwisho wa habari.

#33 Mama_Ruashi
Sasa yule avoka wa Mukorea alikuja akasema ukweli. Wetu hakuitwa hata. Kama angeitwa angesema nini? Njo kile miye ninatafuta kujua, na hakuna mutu humu atanijibu.

#34 Mlushois_Louisville
Mama, pengine angesema "nilimwambia kila kitu". Na jaji angemwamini yeye. Hilo nalo linawezekana, tusijifanye hatulioni.

#35 Kunguru_Kamalondo
Wengi wao wangesema hivyo hivyo. Nani anapenda kujichafulia jina?

#36 Mwana_Katuba
Tantini anauliza: yeye alizungumza na mwanawe kwa simu wakati ule, kijana alimwambia avoka anasema hatarudishwa. Je, aandike ushahidi wake hapa Katuba? Aende kwa notere (mthibitishaji wa hati)?

#37 Mlushois_Louisville
Notere si lazima. Sheria yao ya shirikisho, kifungu cha 1746, inakubali tamko la maandishi lenye tarehe na sahihi. Akiwa nje ya Marekani lazima aandike kwamba anatamka ukweli chini ya adhabu ya uongo kwa sheria za Marekani. Aandike kwa Kiswahili chake, mtu atafsiri na asahihi tafsiri yake pembeni. Ataje simu ile ilikuwa lini na nani alikuwa chumbani.

Shida ni wapi apeleke. Rufaa imekwisha. Kuna siku 90 za kuomba Mahakama Kuu ya Marekani iitazame, lakini wanachukua kesi chache sana, na karatasi mpya hazisomwi huko. Ombi la pili la 2255 linahitaji ruhusa ya mahakama ya rufaa, na ruhusa inatoka tu kwa ushahidi mpya mzito wa kuonyesha kwamba hakutenda kosa, au kanuni mpya ya katiba ambayo Mahakama Kuu imesema inarudi nyuma. Tamko la mama haliingii popote hapo.

#38 Metre_Golf
Aandike hata hivyo, kumbukumbu ikiwa bado moto. Mbele ya jaji wa uhamiaji ni njia nyingine, kesi nyingine, na huko kuna mambo ya kuomba ulinzi asirudishwe ikiwa kuna hatari ya kuteswa. Kijana atafute avoka wa uhamiaji kabla ya siku ya kutoka. Na amuulize kwanza kama ule ukurasa wa kuachilia rufaa ulitumika dhidi yake. Kama mwendesha mashtaka hakuutaja, usitajwe na sisi.

#39 Chuo_Kasapa
Metre, kwa ule ukurasa sikubaliani nawe. Kudai kwamba avoka aliharibu makubaliano yenyewe kwa kawaida hupita juu ya ule ukurasa.

#40 Metre_Golf
"Kwa kawaida", mwanafunzi. Soma maneno ya ukurasa wenyewe ndipo useme.

#41 Mwana_Katuba
Wafwako (asanteni) wote. Nitampa tantini kalamu leo jioni. Lakini bado sioni kwa nini majaji watatu wasome "avoka alinipotosha" na wasitamani kumuuliza avoka.

#42 Fundi_Kenya
Wakubwa samahani naingia pembeni. Kaka yangu alihukumiwa hapa Lubumbashi Jumatatu ya wiki iliyopita, alikuwepo kikaoni, sasa yuko Kasapa. Avoka wetu hapokei simu. Nimesoma #17 mwili umeshtuka. Leo ni Jumatano. Nimechelewa?

#43 Grefie_Mzee
Hujachelewa, lakini usilale na hesabu. Rufaa inatamkwa kwenye grefe ya mahakama iliyohukumu au ya ile itakayosikiliza, kwa mdomo au kwa maandishi, hata sababu huhitaji kuzieleza siku hiyo. Jaribu avoka tena usiku huu. Asipopokea, mtafute mwingine, apewe barua ya kaka yako ya kumruhusu, na kesho uwe mlangoni kabla hawajafungua. Ukitoka usiondoke bila nakala ya tamko, yenye namba, tarehe na sahihi ya grefie.

#44 Fundi_Kenya
Barua anaandika yeye ao mimi?

#45 Grefie_Mzee
Yeye. Nenda Kasapa na karatasi na kalamu.